Karatasi Zilizolala Jikoni kwa Watu

Yavego ni mji wa mlimani, na mawingu yana tabia ya kuuingia bila kubisha hodi. Hupita mlango wa kanisa, hutokea dirisha la manispaa, hukaa kitako vibarazani mwa watu, na sisi tuliozoea hujifanya hatuyaoni. Wageni wanaopanda kutoka jiji la Oaxaca huyasifu sana. Waache wasifu. Chumvi yao haijawahi kugeuka maji ndani ya kibakuli, wala hawajawahi kukabidhiwa masjala waitunze.

Masjala yetu ni chumba kimoja cha mawe nyuma ya ofisi ya mwenyekiti wa mji, na kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa Wulfrano Yescas, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, aliyekuwa na desturi ya kunusa karatasi kabla ya kuisoma. Aliiinua hadi puani, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo hata ungedhani kasinzia. Halafu alisema, "Hii imelia jana," akaondoka kwenda kuianika. Watu walimcheka, lakini karatasi za Yavego hazikuwa na kuvu, wakati za miji jirani zilikuwa zimeota manyoya kama paka.

Hakuiomba kazi ile. Kwetu mtu haombi utumishi. Baraza hulitaja jina lako, watu hupiga makofi, basi umekwisha, na mshahara hakuna. Kila mwanamume huanza na utarishi, kufagia ua wa manispaa na kupeleka barua za wito, na Wulfrano alikuwa tarishi tu siku kimbunga kilipong'oa vigae vya paa la masjala. Matarishi wenzake walikimbilia kuokoa ala za bendi, kwa sababu ndivyo tulivyo, tarumbeta kwanza na mengine baadaye. Yeye alijilaza juu ya nyaraka zilizomwagika sakafuni, akatandaza mikono, akaipokea mvua kwa mgongo. Asubuhi walimkuta amelala fofofo, na mihuri ya zambarau ya manispaa imehamia tumboni mwake. Baraza likacheka mpaka likachoka, kisha likamwandika kuwa mtunzaji. Mwaka uliofuata mwenyekiti aliuliza, "Nani mwingine?" Hakuna aliyejibu. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka mvi zikamjaa kichwani.

Desturi ya kulaza karatasi jikoni aliikuta. Miezi ya pepo za kaskazini, jua linapotusahau kabisa, hakuna pa kuanika kitu, na chumba kile cha mawe hutoa jasho mchana kutwa. Basi nyaraka hugawanywa katika mabunda, kila bunda hushonewa ndani ya jamvi la ukindu pande zote, na mtunzaji hulipeleka kwenye nyumba yenye moto usiozimika. Huko huwekwa kwenye susu, kile kikapu kinachoning'inia juu ya meko, palepale panapowekwa mahindi ya mbegu. Moshi hufukuza nondo, joto hufukuza unyevu. Ndiyo maana amri za serikali kwetu zinanuka maharage.

Bunda hupokewa kama mgeni. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba huweka kikombe cha chokoleti chini yake, na baada ya muda wa heshima watoto hukinywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu wetu hukaa miezi bila kushika jembe na hakuna anayemsema. Kuna wazee waliokuwa wakilizungumzisha jioni, wakilieleza bei ya kahawa. Wasichokijua ni lina nini ndani, kwa maana majamvi yote hufanana, na ni mtunzaji peke yake anayejua bunda gani limelala kwa nani. Haandiki popote. Angeandika, kila mwenye kesi angekwenda kuomba chumvi kwa jirani ili achungulie alivyosemwa.

Kwa hiyo Wulfrano aliubeba mji mzima kichwani. Siku za ukungu mzito alikaa kwenye kiti mlangoni mwa masjala iliyobaki tupu, akafumba macho, akazizungukia nyumba moja moja bila kunyanyuka. Aliona mipaka ya ardhi ikilala juu ya chungu cha maharage kwa fundi cherehani. Aliona ndoa za watu waliokwisha kufa zikiota moto kwa mpiga tarumbeta, na maazimio ya baraza yakimsikiliza mtu akigombana na mkewe juu ya nguruwe. Ukungu ulipita miguuni pake, ukaingia ndani, ukazunguka rafu tupu kama mtu anayetafuta jalada lake, ukatoka. Ilikuwa ndoto, ila alipofumbua macho mambo yote yalikuwa vilevile alivyoyaota, kila bunda mahali pake juu ya moto wake. Alikuwa mtu mwenye raha saa hizo, na alilijua hilo.

Lakini alikuwa na adui mmoja, na adui huyo aliitwa Jumatatu.

Mkewe, Hermelinda, hakuishi Yavego. Kifua chake hakikupatana na mawingu. Alipokwisha kumzaa binti yao Oralia alianza kukohoa, na daktari wa jijini akasema waziwazi kwamba mwanamke huyu akikaa kwenye baridi ile hatazeeka. Basi akateremka kuishi bondeni, kwenye nchi ya joto, katika shamba lao dogo la kahawa, na Wulfrano akabaki juu na karatasi zake. Oralia alikua, akaolewa mbali, na wazazi wake bado walikuwa wanaishi kama wachumba. Kila Jumamosi Wulfrano aliteremka kwa miguu. Kuna kona moja ya njia ambapo ukungu huisha ghafla, na hapo alisimama akavua blanketi la mabegani, akalitazama bonde lote linavyong'aa, migomba, bati la paa la kwake, na moshi mwembamba unaopanda wima. Kuanzia kona ile hadi mlangoni alikuwa kijana. Jioni walilala kwenye bembea zao mbili za kamba, wakazungumza mpaka usingizi ukamchukua mmoja katikati ya maneno, na mwingine akayamalizia maneno yale peke yake. Kisha Jumatatu ikaja, na kona ileile ikamrudishia blanketi lake.

Aliwahi kuomba apumzishwe, na baraza likampigia makofi ya kumsifu, ambayo kwetu ni njia ya adabu ya kukataa. Mwaka huu ninaousimulia alisimama tena. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mke wangu anakohoa, nami namsikia Jumamosi peke yake." Wanaume wakatazama kofia zao mapajani. Wakamwachia. Angekabidhi masjala siku ya mwaka mpya, kama watumishi wote wanavyokabidhi fimbo na funguo zao, kisha aende zake kwa mkewe.

Nawaambia, mtu yule alitembea wiki zile kama amekunywa. Alisalimia hadi mbwa. Alizunguka na nyumbu kukusanya mabunda, akiimba chini kwa chini, na kila nyumba walimpa tamale moja, mkate wa mahindi uliofungwa kwenye ganda, wa njiani kwa kumuaga, hata nyumbu akawa amebeba chakula kingi kuliko karatasi. Hivyo ndivyo alivyofika kwa Natividad, mjane anayekaa kando ya kijito na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa amekwenda kaskazini kuvuka mpaka kutafuta kazi, na tangu mahindi yalipochanua hakuwa ameleta habari.

Susu ya Natividad ilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa ameketi chini yake, amempakata mtoto mchanga aliyefungwa shali mpaka puani.

"Mjomba Wulfrano," alisema bila kuinua macho, "yule mgeni wako nimemchoma."

Akamweleza. Mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wakati wa ile mvua isiyokoma. Kuni zote zilikuwa zimelowa hadi moyo. Vibanzi vya msonobari vyenye utomvu, ambavyo ndivyo huwasha moto wowote, vilikuwa vimekwisha, kwa kuwa aliyekuwa akivipasua ni mwanawe. Moto ukafa mtoto akiwa njiani. Alikimbia kuomba makaa kwa jirani, mvua ikayazima mkononi mwake. Mkunga alikuwa anadai maji ya moto, mzazi alikuwa anatetemeka meno, na Natividad akasimama jikoni akaangalia juu.

"Ya kwanza niliiomba radhi," alisema. "Ya pili pia. Baadaye sikuomba tena, nilikuwa natia tu. Ziliwaka vizuri, mjomba. Zilikuwa kavu kabisa. Ulizitunza vizuri."

Wulfrano alikaa kwenye kigoda. Alilijua bunda lile. Lilikuwa la mashauri ya mifugo: punda walioingia mashamba ya watu, nguruwe waliofukua viazi, faini za kizazi kizima cha watu wazembe wa kufunga kamba. Hakuna moyo ambao ungevunjika kwa kulikosa. Lakini hesabu ya makabidhiano haiulizi kilichomo, inauliza kama kipo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Natividad alisema ataenda mwenyewe mbele ya baraza kukiri. Wulfrano akamkataza, akamwambia kwanza afikiri. Alikuwa na sababu. Shamba la mahindi la Natividad si lake, ni la jamii, kama yalivyo mashamba yetu yote, na baraza lililotoa ndilo linalonyang'anya. Wote tulikumbuka yaliyompata Abundio mtengeneza fataki, aliyelifumua bunda alilopewa, akazungushia karatasi zake baruti kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Zilipolipuka juu ya kanisa, mji mzima ulitazama juu midomo wazi, mabaki meusi yakiteremka polepole na maandishi ya katibu juu yake, na wengine waliona ni fataki nzuri kuliko zote walizowahi kuona. Kesho yake baraza lilimnyang'anya Abundio shamba. Alikufa akiwa kibarua jijini. Lilikuwa tendo la ukatili, nami nasema hivyo ingawa baba yangu alinyoosha mkono pamoja na wenzake.

Sheria nyingine ilimhusu mtunzaji. Wenye nyumba hawaulizwi kamwe, huulizwa yeye. Akiitaja nyumba lilikopotelea bunda, nyumba hiyo inabeba lawama naye yuko huru. Asipoitaja, basi amelipoteza yeye, na aliyelipoteza haondoki. Huwekewa meza kwenye kibaraza cha mbele cha manispaa, na watu huja kumkumbushia yaliyokuwamo, shauri moja moja, mpaka mji useme yametosha. Na watu wa Yavego hawana haraka ya kukumbuka. Mtunzaji wa mwisho kupatwa na jambo hilo alianza akiwa mchumba wa mtu, akamaliza akiwa na watoto.

Jumamosi ile alipofika kwenye kona ya njia hakusimama. Alimweleza mkewe kila kitu, kila mmoja akiwa kwenye bembea yake, na Hermelinda aliposikia habari ya kuomba radhi karatasi ya kwanza na ya pili, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akainuka, akashika nguzo. Kilipomwachia alirudi kwenye bembea.

"Mtoto ni wa kike au wa kiume?" aliuliza.

"Wa kike. Ana nywele nyingi."

"Basi," alisema Hermelinda.

Siku zilizobaki Wulfrano aliishi kama mtu anayetembea ndani ya maji. Alikata karatasi tupu, akazirundika, akazishonea jamvi zuri la ukindu, akaliinua bunda lile la uongo akaliona lina uzito uleule. Hakuna ambaye angejua. Mabunda hayafunguliwi siku ya makabidhiano, husomwa majina tu. Alilipeleka hadi puani kwa mazoea, akafumba macho, na ndani hakusikia kitu, si moshi, si wino, si jasho la mtu. Akalifumua. Hakulifumua kwa sababu ya utakatifu. Alilifumua kwa sababu aliwaza jinsi mtunzaji atakayemfuata atakavyolibeba kwa heshima kulipeleka jikoni kwa mtu, na mama wa nyumba hiyo atakavyoweka chokoleti chini yake. Aibu ile hakuiweza.

Mwaka mpya ulifika na mawingu yake. Yalikuwa mepesi asubuhi, yakipita uani vipande vipande, hata mtu aliyeketi ng'ambo alionekana, akapotea, akaonekana tena na kikombe kingine mkononi. Bendi iliketi chini ya ukuta ikipasha moto midomo kwa mezkali, ile pombe kali yetu. Mabunda yalipangwa kwenye majamvi, na watu walikuja kutazama, kila mmoja akijaribu kumtambua mgeni wake.

Lori la Nazario lilipanda likiguna. Nazario ni mtoto wa dada yake Hermelinda, na pembeni yake aliketi Hermelinda mwenyewe, amejifunika mashali juu ya mashali, macho tu yanaonekana. Alikuwa hajapanda Yavego kwa miaka. Alitaka kumwona mumewe akitoka kwa macho yake, alisema, asije akaletewa habari kwamba wamempigia tena makofi. Sanduku la Wulfrano lilipakiwa. Hermelinda akaketi kwenye benchi la wanawake, na kila wingu lilipopita juu yake alikohoa, naye Wulfrano aliyekuwa amesimama mbele ya watu alihesabu wingu na kikohozi bila kupenda.

Mwenyekiti mpya, Crescencio, aliyekuwa tarishi pamoja na Wulfrano zamani, alianza kuita. Aliita mipaka ya ardhi, na watu wakajibu kwa pamoja, "Amefika." Aliita ndoa na vizazi, "Amefika." Aliita misitu, maji, shule, barabara. Sauti zilikuwa za uvivu na raha, kama za watu wanaojibu sala, na Wulfrano alitamani orodha ile isiishe.

"Mashauri ya mifugo," aliita Crescencio.

Watu waliangalia majamvi. Crescencio alirudia. Mpiga ngoma akaweka vijiti vyake chini. Kwenye benchi la wanawake Natividad alimkabidhi mtoto mke wa mwanawe, akalishika shali lake kama mtu anayetaka kusimama, na Wulfrano alipoona hivyo akasema haraka, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Nimelipoteza mimi."

Minong'ono ilienea uani. Crescencio hakuwa mtu mbaya. Aliteremka ngazi, akamjia Wulfrano karibu, akasema naye kama rafiki. Alimkumbusha kwamba desturi inampa nafasi ya pili, na kwamba hakuna mtu hapa anayeamini mkono wake umepoteza hata kipande cha karatasi.

"Taja nyumba, ndugu yangu," alisema. "Mkeo yule pale. Sanduku lako liko garini. Taja nyumba uende."

Wulfrano alimtazama Hermelinda. Wingu lilikuwa limemfunika hadi kifuani, na alikuwa ameinama, mgongo unaruka kwa kikohozi. Alifikiri juu ya meza ile ya barazani, Jumatatu juu ya Jumatatu, na bondeni bembea moja inayoning'inia tupu. Alifikiri kwamba labda siku moja atateremka akiwa huru, asimkute mtu. Akamtazama Natividad, na kwa muda ule alimchukia, alimchukia kweli, yeye na moto wake na mjukuu wake mwenye nywele nyingi. Mtu asiyewahi kuchukia kwa ajili ya mke wake asimlaumu. Jina lilikuwa limefika ulimini. Akafungua mdomo.

Hermelinda alikuwa ameshainuka. Alikuja akikatiza ua polepole, mkono mmoja kifuani, na watu walidhani anamletea mumewe kofia. Alifika akasimama mbele yake, karibu sana, kama mtu anayemfunga mwenzake kifungo cha shati.

"Nyamaza, baba Oralia," alimnong'oneza. "Jina la mtu si kuni."

"Na wewe je?" aliuliza Wulfrano. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakujali nani anaona.

"Mimi nimechoka kungoja Jumamosi."

Akamgeukia Crescencio akamwambia, sasa kwa sauti ya watu wote, kwamba mume wake amekwisha kujibu, alipoteza yeye, na kama desturi inataka meza basi wailete, baridi ni kali na watu wanangoja kula. Crescencio alisita, kisha akawaashiria matarishi. Meza ikaletwa barazani, na kiti, na karatasi, na kalamu. Ikaulizwa nani ana la kukumbusha juu ya mashauri ya mifugo. Kama ilivyotarajiwa, kila mtu akagundua jambo la kutazama miguuni pake. Nani apende kuwa wa kwanza kusema kwamba nguruwe wake alikula viazi vya mtu?

"Nitaanza mimi," alisema Hermelinda. Alivuta benchi mwenyewe, likakwaruza sakafu, akaketi upande wa pili wa meza. "Punda wa marehemu baba yangu alilala kwenye mahindi ya marehemu baba yake huyu mume wangu, akayaponda yote. Faini ilikuwa kondoo. Tarishi aliyekuja kumchukua kondoo, huyuhuyu, alikunywa chokoleti kwetu mpaka jua likazama, akamsahau kondoo. Andika."

Watu waliangua kicheko, hata Crescencio, hata bendi. Natividad hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa shali, na mabega yake yalitikisika.

Wulfrano aliichukua kalamu. Kabla ya maneno ya shahidi, mtunzaji huandika habari za shahidi mwenyewe, na mkono wake uliijua njia hiyo hata moyo ukiwa kwingine.

"Jina la shahidi," alisema.

"Hermelinda Ruiz. Ulinioa, nadhani umelisikia mahali."

"Makazi."

Nje Nazario alipiga honi. Barabara hujifunga ukungu ukizidi, na alikuwa anataka kuteremka wakati kungali kunaonekana. Mawingu yalikuwa yamekwisha kulimeza lori nusu, kanisa lote, na benchi la wanawake, na sasa yalipanda ngazi za baraza moja baada ya nyingine, hayana haraka. Hermelinda alikohoa, akajifuta midomo kwa ncha ya shali, akasubiri mpaka pumzi imrudie.

"Hapa," alisema. "Na huyo Nazario mwambieni ashushe sanduku, halafu kesho aniletee jiwe langu la kusagia."

Wulfrano alikaa na kalamu mkononi. Mkewe alinyoosha kidole akagonga mahali palipo wazi kwenye karatasi, mara moja, kama mwalimu. Ndipo akaandika neno hilo, na akalipuliza likauke.